Mstari mmoja kwenye faili la wote

Yavor, sikia nilichofanya leo.

Mtu nisiyemjua ameingia ofisini bila kubisha, na ndala miguuni. "Nani hapa ni Kalin, bingwa wa kubadilisha matoleo?" Kumbe ndiye msimamizi wa kompyuta kuu!

Unajua ile maktaba ya programu inayoziwezesha kompyuta mia kupiga hesabu moja kwa pamoja? Nilihitaji toleo jipya. Nikaandika mstari mmoja, nikidhani ni kwenye faili langu. Lilikuwa faili la kikundi kizima. La kikundi kizima, Yavor!

"Umeangusha kazi za watu kumi na wanne, kijana. Ukirudia, nakufungia akaunti."

Na ya Radostina wa meza ya pili imo, hesabu zake za mafuriko. Siku kumi na moja zimeharibika. Lazima arudi mwisho wa foleni ya kompyuta kuu, na mwezi huu anatetea tasnifu.

Hakufoka. Alisema tu, "Kalin, jana nilikuonya, ukaniahidi."

Kweli niliahidi. Nilimwambia nikimharibia, zamu yangu ni yake.

Nimemwomba yule msimamizi aandike jina la Radostina palipokuwa langu kwenye foleni. Makala yangu ya Ijumaa ndiyo basi tena. Lakini kazi yake imeanza.