Ng'ombe Mmoja, Kaya Mbili

Jumatatu, 7 Julai 2025

Wamefika asubuhi, umande haujakauka. Mwenyekiti wa kitongoji na binti mmoja, Joyness, wa ruzuku mpya ya wazee na wajane. Shikamoo yake ya kupiga magoti! Nimempenda hapo hapo. Kauliza umri wangu, mume wangu Idefonsi alifariki lini, paa la nini, choo cha nini, nina redio? Ninayo, lakini ilinyamaza kabla ya marehemu. Kacheka, kaandika hapana.

Nikiipata hiyo ruzuku, nitameza dawa ya presha kila siku, si leo nameza kesho naruka. Asante Mungu kwa kufikiriwa tu.

Halafu: bibi, kaya ina ng'ombe? Ninaye! Nikampeleka nyuma ya nyumba amwone Gaju na ndama wake. Nikamsifia pembe. Nikamtaja Habonimana, jirani yangu, aliyenigabira, akanipa Gaju baada ya msiba ili nisikose maziwa na samadi ya migomba. Ng'ombe wa kupewa huku hatajwi bila kumshukuru aliyetoa. Binti kabonyeza ndiyo kwenye kishikwambi chake.

Alhamisi, 10 Julai

Mwenyekiti kanipitia. Eti niko kwa wenye uwezo, ruzuku sipati! Kisa Gaju. Mimi tajiri — Idefonsi angecheka hadi akohoe. Tajiri anayekata kidonge kwa kisu cha viazi.

Kanishauri: wiki ijayo kuna mkutano wa kuhakiki majina, nisimame niseme ng'ombe si wangu, namtunza tu. Si uongo mtupu. Ndama akiacha kunyonya, huyo ndama anarudi kwa Habonimana, ndivyo ilivyo desturi. Lakini Gaju nilimpokea kwa makofi na shukrani mbele ya watu. Leo nimkane mbele ya watu hao hao? Ni kumtupia mtu wema wake usoni. Siwezi.

Nimekasirika, jamani. Nimekamua na hasira zangu, Gaju akanichapa mkia.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa Habonimana kanifuata. Kashasikia. Kasema, mama, sitaumia, mimi mwenyewe nitasimama niseme ni wangu. Mtoto wa watu huyu, si wa tumbo langu, si wa ukoo wa Idefonsi.

Kisha nikakumbuka — mama yake! Bibi Irambona haoni, anaishi kwa Habonimana, na jina lake limepita kwenye ruzuku. Ng'ombe akiandikwa kwao, bibi anakatwa! Nikamwambia. Kumbe analijua.

"Mama yangu ana mimi," kasema. "Wewe una nani?"

Nimelia njia nzima. Machozi ya raha, lakini machozi.

Alhamisi, 17 Julai

Mkutano. Joyness kasoma majina. Kafika kwangu: ana ng'ombe. Habonimana huyo, kasimama — ng'ombe ni wangu, andikeni kwangu. Nami nikasimama. Ni wangu! Alinigabira, na nilishukuru mbele yenu wote!

"Mama, kaa."

"Kaa wewe!"

Watu hoi kwa kicheko. Mwenyekiti kasema miaka yote watu wanakuja hapa kukana ng'ombe, nyinyi mnamgombea? Joyness hakucheka. Alitutazama mpaka kishikwambi kikazima. Kasema chenyewe hakijui ng'ombe wa watu wawili, lazima aingie kaya moja. Kesho asubuhi anakuja aone Gaju yuko zizi la nani. Hapo ndipo atakapoandika, basi.

Ijumaa, 18 Julai

Habonimana kaja mapema, kamba mkononi. Anataka Gaju awe kwao kabla binti hajafika. Nimeshamaliza kukamua. Nimeweka kigoda mlangoni mwa zizi, nimekaa, naandika hapa hapa. Kanibembeleza. Kanitishia kunibeba na kigoda changu! Hakuthubutu. Sasa kakaa chini upande wa pili wa mlango, kamba magotini, kanuna.

Nimempa maziwa ya asubuhi, kayapokea kwa mikono miwili, kanywa yote.

Sijawahi kugombana na mtu ninayempenda hivi. Bibi Irambona, huko uliko, ukae na ruzuku yako.

Pikipiki ya Joyness inapanda mlima. Habonimana kasimama. Mimi nimekaa.