Nimekata kiti cha nyuma

Mpendwa mshauri, Bibi Mahfudha, ninakuomba msaada, na ukinigombeza nitakubali, maana jambo hili nimelibeba miezi kumi na mitano. Kubeba ndiyo kazi yangu, mimi ni mchukuzi wa bandarini hapa Bujumbura, lakini gunia mtu hufika mahali akalitua.

Kwetu ni Kabare, upande wa Kongo, na shule niliachia darasa la tano, kwa hiyo unisamehe mwandiko. Nilikuja huku mwaka wa tisini na mbili kutafuta kazi, nikamwacha mke wangu na mama yangu nikiwaambia ni mwaka mmoja tu, kisha vita vikaingia huku, baadaye vikaingia na kule, na tangu Oktoba ya tisini na sita sijapata barua wala salamu, sijui kama wako hai. Ninalitaja hili mapema kwa sababu limo ndani ya kosa langu.

Bandarini nilikuwa na rafiki, Audace, aliyekuwa akipeleka karatasi za forodha mjini kwa pikipiki yake. Ndiye aliyenitafutia chumba Buterere, nyumba ya tatu kutoka kwake. Jioni akitoka kazini alikuwa anampakia mke wake, Consolate, ambaye sisi tunamwita Mama Nella, wanakwenda mpaka kwenye mashamba ya mpunga na kurudi, hawana shughuli yoyote huko, kutembea tu, na mama amekaa upande kwa ajili ya kitenge, mkono mmoja kiunoni mwa mume, mwingine umeshika kitambaa cha kichwa. Watu waliwatania, "Mulioana jana?" na Mama Nella akijibu, "Jana jioni."

Vikwazo vya nchi jirani vilipoanza, meli za Kigoma zikawa haba, petroli ikauzwa kwa chupa za soda, na pikipiki ikakosa kazi. Audace akaileta kwangu kwa sababu nyumba yake mvua ikinyesha maji yanaingia ndani, na mimi nina baraza ya matofali. Akaniambia, "Byamungu, we uko na mikono. Unitunzie hii. Kila Jumapili uiwashe kidogo, isinisahau." Wiki ile ile akapanda lori kwenda kaskazini kumwona mama yake mgonjwa, na ufunguo wa pikipiki akaondoka nao mfukoni kwa kusahau.

Nilifanya alivyoniambia. Niliiinua juu ya matofali ili matairi yasibebe uzito, betri nikaitoa nikaiweka ndani juu ya ubao, bomba la moshi nikaliziba kwa kitambaa panya wasiingie, cheni nikaipaka oili chafu ya malori. Jumapili baada ya misa nilikuwa narudisha betri, nazibua bomba, nasafisha buji, ile plagi, kwa msasa mpaka cheche zirudi, natia petroli nusu chupa, naunganisha nyaya mbili chini ya taa kwa sababu sina ufunguo, na pikipiki inawaka. Mama Nella akisikia anakuja na sahani ya ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, anasimama mpaka nizime. "Inalia vizuri," anasema, kisha anarudi kwake.

Januari ya tisini na saba alikuja bandarini Namegabe, mtu wa kwetu, msaidizi wa dereva wa malori. Akaniita nyuma ya magunia. Alikuwa kwenye lori lililofuata lile la Audace. Lori la Audace lilishambuliwa njiani, na kesho yake wao walizika watu kumi na mmoja, Audace akiwemo, karibu na daraja dogo, yeye mwenyewe alichimba. Akanitolea ufunguo wa pikipiki, umefungwa kipande cha ngozi kilichoshonwa herufi N ya mtoto wao, akasema, "Mi siwezi kumwambia mwanamke. We ndiye rafiki yake."

Nilikwenda siku hiyo hiyo, Bibi Mahfudha, naapa. Nilimkuta anachagua mchele, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Shemeji, nimeota Audace amefika. Kitu cha kwanza anauliza kama oili umebadilisha." Nikasema, "Nimebadilisha." Nikarudi nyumbani na ufunguo mfukoni.

Mwanzoni ilikuwa huruma. Halafu nikaanza kujiambia kwamba asiyejua bado ana kitu mkononi, maana mimi mwenyewe kutojua habari za Kabare ndiko kunakoniamsha asubuhi. Basi nikaendelea kuwasha kwa nyaya asiuone ufunguo, nikaendelea kula ugali wake. Alipokuwa akisema anaomba misa ili mume wake arudi salama, mimi niliitikia amina.

Na tena nikuambie lote. Pikipiki ile niliipenda. Mgongo wangu umekwisha, nikiinama asubuhi lazima nishike ukuta, nikawaza kwamba vikwazo vikiondolewa nitabeba mpunga wa Buterere kwa pikipiki, nipumzishe mifupa. Nikaanza kuibadilisha kidogo kidogo, kwa kuwa kazi bandarini hakuna na siku ni ndefu. Nikaweka gurudumu la meno kubwa zaidi nyuma ili ivute mzigo, nikaweka springi ngumu nilizotoa kwenye pikipiki mbovu, nikachomelesha kichanja cha nondo. Kichanja hakikuingia bila kukata kiti. Alhamisi kabla ya Pasaka ya mwaka huu, mvua inanyesha, nilikikata kiti kwa msumeno wa chuma. Nusu ya mbele nikaishonea turubai. Nusu ya nyuma sikuweza kuitupa, iko chini ya kitanda changu.

Jumapili akaja na sahani. Akatazama, na sahani hakuiweka chini.

"Shemeji, kiti changu kiko wapi?"

"Nimeweka mahali pa mzigo, Mama Nella. Audace akirudi..."

"Audace akirudi mi nitakaa wapi?"

Nikamwambia nitakirudisha kesho.

"Apana," akasema. "We niambie tu. Nani alikuambia sitapanda tena?"

Mimi nikaunganisha nyaya, nikaiwasha, nikavuta mafuta mpaka hatusikiani. Alisimama mpaka petroli ikaisha. Kisha akaiweka sahani juu ya matofali akaenda.

Tangu hapo haji tena. Lakini nikiwasha nasikia anafungua mlango wake, anakaa kidogo, anaufunga.

Je, nishone kiti ninyamaze, au nimwambie? Nikimwambia ataniuliza nimejua tangu lini. Hapa mjini sina jamaa mwingine ila nyumba ile. Tafadhali usiandike jina langu.

Mchukuzi wa Buterere

*

Ndugu yangu mchukuzi,

Majina nimeyabadilisha yote, lakini pikipiki inayowashwa kila Jumapili katika mtaa usio na petroli haihitaji jina. Ndiyo maana jibu hili nimekuletea bandarini kwa mkono, siku kumi kabla ya kulichapa. Usithubutu kumwacha mama huyo alikute gazetini.

Kwanza, pole. Rafiki yako amekufa na hakuna aliyekupa pole, kwa kuwa hukumwambia mtu. Na pole kwa kukosa habari za mkeo na mama yako. Haya nimeyatanguliza kwa sababu yanayofuata hayana utamu.

Unaniuliza umwambie au unyamaze. Umeshamwambia. Umemwambia kwa msumeno. Alipouliza nani alikuambia hatapanda tena, alikuwa ameelewa, alitaka tu mwanamume mzima amwangalie usoni amjibu. Wewe ukavuta mafuta. Nimesoma barua nyingi kwenye meza hii, na hapo niliiweka yako chini nikatoka kwanza nje.

Unasema asiyejua bado ana kitu mkononi. Kwako labda. Wewe hujui habari za Kabare kwa sababu hakuna wa kukuletea. Yeye hajui habari za mumewe kwa sababu wewe unazo mfukoni. Usiyaite hayo kitu kimoja. Umechukua matumaini yako ya nyumbani kwenu ukampa yeye akutunzie, naye hakuyaomba.

Sisi Waislamu mwanamke akifiwa hukaa eda. Warundi Wakristo wana kilio, na baadaye siku ya kuganduka, jamaa wanapokusanyika kumtoa kwenye msiba. Desturi hazifanani, lakini zote huanza na mtu kubisha mlango na kusema. Mlango wa Mama Nella una miezi kumi na mitano haujabishwa. Hakulia na watu, hakuletewa kuni wala maji, na misa aliyoomba ilikuwa ya mtu aliye safarini, nawe ukaitikia amina.

Mambo ya kufanya ni haya. Kiti usikishone, maana kitakuwa uongo wa pili. Kama Audace ana kaka, mtafute, na kama hayuko mjini, mtu mzima wa kanisani kwao ambaye Mama Nella anamheshimu, umweleze yeye kwanza, kwa sababu habari hii haipelekwi na mtu mmoja. Nendeni mchana. Mpe ufunguo mkononi, usiuweke mezani. Mpe na ile nusu ya kiti. Mtajie daraja, mtajie kwamba walizikwa kumi na mmoja na kwamba Namegabe alichimba kwa mikono yake, kwani atataka kujua kama mume wake alizikwa au aliachwa. Mwambie na mwezi uliojua, usipunguze hata wiki. Akiuliza kwa nini, mwambie ulivyoniambia mimi, pamoja na pikipiki na mgongo wako. Usimwombe msamaha siku hiyo. Siku hiyo si yako.

Pikipiki ni yake. Iteremshe kwenye matofali, uisukume mpaka kwake ikiwa imezimwa. Baadaye akitaka kukuachia ubebee mpunga, ni yeye atakayesema, wala si mwaka huu.

Akikufukuza, ondoka. Lakini kilio kikianza urudi, ukae mwisho wa mkeka, upasue kuni, uchote maji, usile mpaka wengine wamekula. Mgongo utauma. Uache uume.

Na Jumapili hii usiiwashe. Saa ile ya kawaida atafungua mlango asikilize. Awakute mmesimama hapo mlangoni.

Bibi Mahfudha