Isale Ulilonipakilia Kwenye Gari

Mdogo wangu mpendwa,

Nimekaa juu ya jiwe letu la kunolea mapanga, gari lako la rimoti liko magotini kwangu, na nimeshindwa. Leo ni siku ya tatu. Ile fimbo nyembamba uliyoitengeneza kwa spoku ya baiskeli, inayoshika magurudumu ya mbele yakate kona pamoja, nimeipinda huku nimeipinda kule, lakini gari bado linavuta kushoto. Betri nimeweka mpya. Nililitua mlangoni nikabonyeza, likaenda kidogo, likatumbukia mferejini. Nikalitoa, likatumbukia tena. Shemeji yako alianza kucheka, halafu akajiziba mdomo kwa kanga akaingia ndani.

Ungekuwepo ungesema, "Kaka, lete hapa. Wewe kalime." Ndivyo ulivyoniambia tangu tukiwa watoto hapa hapa kihambani, kwenye shamba la ukoo, tukiendesha magari ya waya katikati ya migomba ya baba. Mimi nilikata ndala za mama tupate magurudumu, na viboko vyake nikala mimi. Kuunda uliunda wewe. Na lako lilikuwa na springi! Nani alishawahi kusikia gari la waya lenye springi? Ulifunga mpira wa tyubu kule mbele, likipita juu ya mizizi linanesa utadhani limembeba mkuu wa wilaya. Nilikuuliza kwa nini unajisumbua. Ukaniambia, "Njia ikiwa mbaya, gari liinamie njia." Ulikuwa bado hujaota meno yote ya mbele, kichwa ngumu wewe, na tayari unanifundisha.

Basi ukaenda mjini, ukawa fundi wa kiwandani, ukapanga Kaloleni, ukaoa. Mimi nikabaki na kahawa ya baba. Kila Krismasi ulipanda huku na mkate wa mjini, unasimama nje ya masale, ile mimea ya mpaka wetu, na kupaza sauti, "Shikamoo kaka!" Ulikuwa huvuki mpaka niitikie. Nilikuwa nakuchelewesha makusudi, nijifanye sisikii, na wewe unaongeza sauti mpaka majirani wanakuitikia kwa niaba yangu.

Halafu likaja soko huria. Kiwanda kikafungwa, mkarudishwa nyumbani na barua ya shukrani. Huku kwetu wakaja wanunuzi binafsi wa kahawa, leo bei hii, kesho hawaonekani kabisa. Ukapanda mlimani siku ambayo mimi nilikuwa msibani upande wa pili wa mto. Niliporudi nilikuta mistari miwili ya kahawa ya baba imelala chini, mizizi juu. Ukanijia unatabasamu, mikono ina udongo. "Kaka, kahawa hailipi tena. Tupande nyanya."

Yale niliyokuambia nayakumbuka neno kwa neno, na majirani nao wanayakumbuka. "Nikiwa hai, usivuke masale haya tena." Niliyasema nikiwa nimeshika isale lenyewe. Kwetu mtu hasemi hivyo kwa mchezo, na wewe ulijua. Ulifuta mikono kwenye suruali ukaondoka, mkate ukabaki mezani. Sikuula. Nikapiga marufuku jina lako nyumbani kwangu, mke wangu akithubutu kulitaja nasukuma sahani.

Sasa sikiliza jambo la aibu. Mwaka uliofuata niling'oa mistari mingine mitano mwenyewe. Nikapanda nyanya. Zilikubali vizuri sana. Sikumtuma mtu kukuambia.

Mzee wa kanisa alikuja mara mbili kwa ajili yako, sikumfungulia. Na ndipo ikaja ile Jumamosi.

Nilikuwa napalilia pale penye kitalu, nikasikia mlio kama wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Naangalia, kigari chekundu, si kirefu kuliko mkono wangu, kinapanda njia kutoka barabarani. Njia ile unaijua, mfereji kushoto, masale kulia, mawe katikati. Kilikuwa hakiyumbi. Gurudumu moja linapanda jiwe, jingine liko shimoni, mgongo wenyewe umetulia. Na mgongoni kimefungwa jani la isale, limefundikwa fundo kama inavyotakiwa.

Nikanyanyua macho. Nikakuona kule mpakani, nje ya masale, umekaa kwenye kiti. Umekaa! Hukusimama. Hukusema shikamoo. Unanitazama tu, rimoti iko pajani. Kigari kikafika mbele ya miguu yangu, kikafunga breki, pua ikainama mpaka karibu na udongo, halafu ikainuka taratibu.

Mdogo wangu, damu ilinipanda kichwani. Isale la kuomba radhi linaletwa kwa mkono, na mtu mzima mwenye heshima zake. Hili limeletwa na mdoli, na mwenyewe amekaa kitini anatazama kama yuko uwanja wa mpira! Shemeji, mkeo, alikuwa nyuma yako, akapiga kelele, "Shemeji, subiri! Nisikilize kwanza!" Nikamwambia anyamaze. Nikalipiga gari teke. Lilibingirika mferejini, jani likachomoka likaenda na maji. Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Isale halikataliwi. Hata mwenye damu ya mtu mikononi akija nalo, unalipokea. Babu zetu hawakuacha mlango wa kulikataa. Mimi nikautafuta, nikaupata.

Jioni ile nililiokota gari nikalitupa darini, penye mizinga mibovu. Baada ya miezi miwili mke wangu akasimama mbele yangu, akataja jina lako bila kuogopa sahani, nikajua umekufa.

Ni msibani Kaloleni, kwenye kile chumba chenu cha cherehani, mkeo aliponiambia. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu. Aliniambia kiharusi kilikupiga mwezi mmoja baada ya kiwanda kulipa watu mafao, upande wote wa kulia ukafa, na sauti ikaondoka nayo. Gari ulikuwa umelinunua kwenye mitumba ukiwa mzima, kwa kupenda tu, watu wa mtaa wakakucheka. Ulipougua ukalivuta kutoka uvunguni ukaanza kulitengeneza kwa mkono wa kushoto, yeye akikushikia. Stelingi yake ilikuwa inacheza, plastiki imelika, linatangatanga kama mlevi. Ukalitia fimbo ya spoku, na kwenye viungo ukabana vipande vya mrija wa kalamu mpaka mchezo wote ukaisha. Shokapu zilikuwa zimekufa. Ukachukua mabomba ya sindano ulizokuwa unachomwa, ukayajaza mafuta ya cherehani, ukayazungushia springi. Mlikuwa mnajaribu juu ya godoro, juu ya sufuria zilizopinduliwa, juu ya viatu. Kila mara akikuuliza ni la kwenda wapi, unanyoosha kidole dirishani, kwenye mlima.

"Hakuvuka masale kwa sababu ulimkataza," aliniambia. "Kusimama alikuwa hawezi. Kusema alikuwa hawezi. Wewe ulitaka nini?"

Akaendelea. Nyuma uliweka springi ngumu, kwa ajili ya mawe. Mbele ukaweka laini. Yeye, ambaye si fundi, aliona hiyo ni kasoro, akakuambia mlima unahitaji ngumu mbele pia. Ulikataa. Ulizibadilisha siku nyingi, ukafunga breki tena na tena pale sakafuni, mpaka ukapata unachokitaka. Gari likisimama, pua inainama, halafu inainuka. Ulilipeleka mbele ya miguu ya mkeo, ukalisimamisha likainama, ukajigusa mdomo, ukaonyesha mlima.

Ilikuwa shikamoo yako.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu ninao sita, wananiparamia siku nzima, lakini huyu wa saba halali wala hachoki. Nimelipeleka gari kwa fundi redio wa Sekei, kijana hodari. Akaligeuza, akatazama kazi yako, akauliza, "Mzee, nani alitengeneza hivi?" Nikamwambia mdogo wangu. Akasema nimlete yeye mwenyewe, maana spoku iliyopinda hivi hata ukiinyoosha inarudi, anayejua namna ilivyokuwa ni aliyeitengeneza. Nikamshukuru nikabeba gari langu.

Tulikuzika hapa kihambani, kando ya mpaka, upande wa ndani. Umevuka hatimaye, tumekuvusha tukiwa tumekubeba watu sita. Nilitaka gari likuletee isale kwa njia ile ile, kutoka mlangoni kwangu mpaka kwako, likufikie miguuni na kuinama. Ndiyo sababu ya siku hizi tatu. Springi zako bado zinafanya kazi, mdogo wangu, teke langu halikuziweza. Teke langu liliweza stelingi tu. Gari linaweza kuinama, linachoshindwa ni kufika.

Hayo ya juu niliyaandika jana. Asubuhi hii nimeacha kupambana. Nimekata jani, nimelifundika, nimelifunga mgongoni mwa gari, nikalibeba lote mikononi kama mtoto mchanga. Nikalitua kaburini, upande wa kichwani kwako. Nikasimama, kofia mkononi, nikingoja, mzee mzima, sijui hata nangoja nini. Isale halikataliwi, lakini linapokelewa na mkono, na mikono yako nimeichelewa. Nikalisukuma gari kidogo kwa kidole nikalizuia ghafla. Pua ikainama. Ikainuka taratibu.

Marahaba, mdogo wangu.

Marahaba.

Kaka yako, aliyejifanya hasikii