Radi Iliyoua Ndege na Maji ya Maman Furaha

Bugarama, Rusizi

Dada Mwajuma,

Nianze na goti lako: limepoa, au bado linakusumbua? Na Mama anakula vizuri? Mimi nakula, nafundisha, nalala. Mwili mzima. Moyo ndio umechafuka, nami nakuandikia wewe kwa sababu hapa hakuna anayetaka tena kunisikiliza.

Jirani yangu Maman Furaha, mjane, ana kishamba cha mpunga bondeni. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege hushuka kwa mamia, na mwenye shamba hushinda juani akiwaamia kwa kelele na makopo. Siku moja, sauti imeshamkauka, akawapigia ukelele: "Radi ibachome bote!" Tulicheka wote. Jioni ileile mvua ikaja, radi ikapasua mkaratusi walimolala ndege hao. Asubuhi tukakuta mizoga imejaa chini.

Majirani wakaitana kikao. Mzee Gaspari, msimamizi wa zamu za maji, akasema: "Radi ya Mungu haipigake ndege. Ndege ni batoto ya mbingu. Hii, muntu aliituma."

Dada, nilisimama. Nikawaambia radi hupiga chochote kilicho njiani mwake. Mti ukipigwa, aliye tawini hufa nao. Hata ndege anayeruka anaweza kupigwa, ingawa ni nadra. Wale wanaotua kwenye waya wa umeme hupona kwa kuwa umeme haupati njia ya kupita mwilini mwao kwenda ardhini, si kwa kuwa ni watoto wa mbingu.

"Mwalimu, ulikuwa kule yulu ya muti pamoja nabo?" mmoja akauliza. Wakaangua kicheko. Nami nikawaka. "Mama huyu angekuwa na uwezo wa kutuma radi," nikasema, "angehangaika na ndege? Angeanza na wewe, Mzee Gaspari!"

Kisha Mzee akasema taratibu: "Munasikia? Rafiki yake mwenyewe anajua nani anafuata."

Wakamfungia Maman Furaha maji siku hiyohiyo. Huku maji hupita shamba hadi shamba. Wa juu akiziba mfereji, wa chini amekwisha. Sasa masuke yake yamesimama wima, meupe, matupu. Na usiniambie ni ujinga. Gaspari anasikiliza redio kutwa, amesomesha watoto. Ujinga ungetibika. Huu ni woga uliojivika mila, na woga hauogopi vitabu.

Jana nilikwenda kumwambia Maman Furaha kwamba nitadai kikao kingine. Alikuwa anapepeta maharage, hakuacha.

"Papa Mwalimu," akasema, "aksanti sana. Lakini siku ile bananiita tena, wewe ubakie ku nyumba."

Msalimie shemeji, mjomba seremala, na wanao wote. Mama usimsomee barua yote. Mwambie tu aniombee ulimi mfupi.

Mdogo wako,
Hamisi