Nani Amekuambia Umenikosa?

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, naitikia kabla hujaniamkia, maana huko mjini mnasahau. Sisi hapa Mpitimbi wazima. Bibi yako anapalilia mahindi huku ananisema, kwa hiyo afya anayo.

Unauliza kama mzee wa darasa la nne anajua maana ya "nimekumiss". Sikia wewe. Bibi yako akiwa msichana alikwenda Mbinga kwa shangazi yake kuchuma kahawa. Huku nyuma kila ukungu uliposhuka shambani mimi nilimwona yeye tu anatembea ndani yake. Nikamwandikia barua, na mwishoni nikapachika Kiingereza nilichookota kwa karani: "I miss you." Nilitaka ajue moyo unamlilia.

Shangazi akamtafsiria: "Anasema amekukosa." Mwenzangu akaelewa nimekata tamaa, natafuta mwingine.

Asubuhi moja ukungu ukaachia khanga, kisha sura, kisha miguu yenye tope. Hakunisalimia.

"Wewe! Nani amekuambia umenikosa?"

Nikampokea mzigo wake.

Maana yenyewe ya Kiingereza kile sijamweleza mpaka leo. Na wewe ukija likizo, usijitie ualimu.

Babu yako