Gauni Halikugusa Tope

Mpendwa kaka Hashimu,

Sikuulizi hali, maana uliko hapafiki salamu za hali. Nakuandikia juu ya ule mkanda wa fundi cherehani, sehemu ya pili, ambao kibanda kizima kiliuzomea. Naiandika barua hii wazi, atakayeisoma aisome. Nilikuaibisha mbele ya watu, na sioni haki nikikuomba radhi chumbani peke yangu.

Wasiotujua niwaeleze kwanza. Miaka ile video zilipoanza kuingia mitaani, mtu mwenye deki na televisheni alijenga kibanda, akapanga mabenchi, na watu wakaja. Mikanda mingi ilitoka Hong Kong. Waigizaji walisema Kichina, na chini yao yalipita maandishi ya Kiingereza, mbio mbio. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kusimama kando ya televisheni na kipaza sauti, awaambie watazamaji kwa Kiswahili nani kasema nini. Kwa Bwana Saidi, pale Mwananyamala, mtu huyo ulikuwa wewe. Asubuhi uliuza mitumba Buguruni, alasiri ukawa mfasiri. Uliishia darasa la saba, hukuchaguliwa kuendelea. Kiingereza chako kilikuwa cha kusoma maneno ya kwenye fulana. Kila mtu alilijua hilo na hakuna aliyelisema, kwa sababu palikuwa na adabu moja mle ndani: mfasiri hakosolewi mkanda ukiwa unaendelea. Watu walikuja kukusikia wewe.

Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Nilikaa benchi la mbele, karibu na miguu yako.

Sehemu ya kwanza waliipenda wote. Stelingi, yaani shujaa wa mkanda, fundi cherehani mwembamba, aliwachapa majambazi kwa rula ya mbao na pasi ya mkaa, na watu walicheka hadi benchi moja likakatika. Sehemu ya pili ilikuja Jumapili moja ya masika. Stelingi sasa ana goti bovu na ameacha ugomvi. Ana gauni jeupe la harusi la kufikisha kabla jua halijazama. Maadui wanamfuata, naye anakimbia. Anapita sokoni, anapanda ngazi za mianzi, anaingia karakana ya watia rangi, gauni kaliinua juu ya kichwa kwa mkono wa kushoto. Akibanwa, anapigana na mkono wa kulia peke yake.

"Stelingi gani huyu anakimbia kama kuku?" alisema Pweza, yule fundi baiskeli.

"Mkono mmoja kausahau pati wani," akadakia mwingine.

"Bwana Saidi, tubadilishie mkanda, bwana. Sie tumekuja kuona ngumi, huyu kaja kuanika nguo."

Ukainua sauti. "Tulieni nyie, hamjamwelewa. Gauni la mdogo wake lile. Enzi za ugomvi wake wachumba walimkimbia yule binti kwa sababu ya kaka mtu. Leo kapata mume, na kaka kamwahidi: mdogo wangu, gauni lako nitalifikisha, na halitagusa tope."

Kibanda kikaanza kutulia. Nakumbuka Pweza alirudi kukaa. Nakumbuka mama mmoja nyuma akisema, "Kumbe." Ulikuwa umewashika.

Lakini mimi nilikuwa nasoma maandishi. Yalisema gauni ni la mteja, binti wa tajiri fulani. Nikatikisa kichwa, na Bwana Saidi, aliyekuwa mlangoni, akaniona.

"Dada, we ndo msomi wetu. Ndivyo inavyosema?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema sijaona vizuri. Nilisimama, kaka. Nilinyoosha sketi kabisa, kama nimeitwa na mwalimu.

"Sivyo. Huyo si dada yake, ni mteja tu. Kaka anatunga."

Kicheko kile bado nakisikia. "Mteja!" walipiga kelele. "Hashimu, na yule bibi kizee wa mkanda wa wiki ile alikuwa mama yake au mteja?" Uliweka kipaza sauti chini, kisha ukakiokota ukaendelea hadi mwisho kwa sauti nisiyoijua. "Anakimbia," ulisema. "Anapiga. Anakimbia." Basi.

Njiani kurudi nyumbani hukunigombeza. Ulitembea mbele unanionyesha pa kukanyaga, na tulipofika mlangoni ukasema, "Umesoma vizuri." Hukuisema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningekuwa na la kushika.

Unajua naandika shajara, tarehe juu, mstari wa rula chini yake. Ukurasa wa siku ile ninao mbele yangu. Umeandikwa hivi: "Video kwa Bwana Saidi. Kaka alikosea, nikamsahihisha. Mvua." Hakuna zaidi. Mwandiko mzuri sana.

Jina la Mteja likakuganda. Hata Buguruni lilikufuata. Hukumaliza mwezi ukaacha kipaza sauti, na Bwana Saidi akaniomba mimi nijaribu. Hili sikuwahi kukuambia: nilikubali. Nilifasiri kila neno sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza. Mkanda ulipofika nusu walibaki watu wanne, mmoja kalala. Sikurudi tena.

Nawe hukurudi. Tuliishi nyumba moja miaka mingine saba, tukala sinia moja, na kila nilipotaka kulisema nilijiambia umeshasahau. Ulipougua nilikaa kando ya kitanda chako siku nzima nikakusomea gazeti. Gazeti, kaka. Nilikuwa na la kukuambia nikakusomea habari za watu.

Baada ya arobaini yako nilirudi kwenye shajara, nikasoma masika ile tangu mwanzo. Siku tatu kabla ya Jumapili ile nilikuwa nimeandika: "Maji yamejaa njia ya kwenda barabarani. Kaka kanivusha. Sare yangu kaibeba juu ya kichwa, haikulowa." Nilikaa na ukurasa ule mpaka chai ikapoa. Mkono wako wa kushoto ulikuwa juu na sare, wa kulia umenishika mimi, maji yakikufika mapajani. Siku tatu tu baadaye ulisimama mbele ya watu ukasema gauni ni la mdogo wake, na mdogo wako alikuwa hapo miguuni pako, anasoma Kiingereza.

Mwezi uliopita niliuazima mkanda ule, nikautazama mara tatu, kalamu mkononi, kama ilivyo kawaida yangu. Nasema sasa kwa wote walioucheka: si mkanda mbovu. Ni bora kuliko wa kwanza. Mara kumi na moja stelingi angeweza kumaliza kazi kwa mikono miwili, na mara zote kumi na moja anakula ngumi badala ya kulishusha gauni. Pale kwenye karakana anatembea juu ya ukingo wa pipa la rangi, goti linatetemeka, na maadui wanatumbukia mmoja mmoja wanatoka bluu. Unacheka, lakini unacheka umebana pumzi. Gauni analitundika mara moja tu, kwenye msumari, na mikono yake miwili inafanya nini? Inamwinulia bibi muuza mboga meza ambayo stelingi mwenyewe aliiangusha akikimbia. Sisi tuliutazama mkono unaopiga, tukaona haba. Wewe uliutazama ule uliobeba. Na yale maandishi, pamoja na usahihi wake, hayasemi popote kwa nini mtu aumie hivyo kwa ajili ya mteja.

Jumapili iliyopita niliupeleka kwa wifi. Mwanao Zuhura yuko kidato cha pili sasa, anasoma Kiingereza haraka kuliko mimi wakati ule. Nilipunguza sauti ya televisheni, nikasimama kando yake, nikafasiri. Sauti yangu haina ladha ya yako, lakini maneno nilitumia yako, yote niliyoyakumbuka. Nilipofika pale pa "mdogo wangu, gauni lako nitalifikisha," wifi alijifuta uso kwa upande wa khanga. Nikaona Zuhura ananitazama, anatazama maandishi, anarudi kwangu.

"Shangazi, ndivyo inavyosema?"

Nilinyoosha sketi, mazoea mabaya hayaishi.

"Sivyo inavyosema," nikamwambia. "Ndivyo baba yako alivyosema."

 Akasogea mbele kwenye mkeka, akageukia televisheni.

"Basi endelea."

Nikaendelea hadi mwisho, kaka. Gauni lilifika jeupe.

Pumzika. Nisamehe mbele ya watu hawa wote.

Mdogo wako, uliyemvusha maji