Miguu ya Munyaneza

Gisenyi, tarehe 20 Mei 1957

Kwa kaka yangu mpenzi Abdu, Buyenzi, Usumbura

Asalaam aleikum. Naomba waraka huu ukukute mzima, wewe na wifi na nyumba yote. Huku kwetu hatujambo kwa rehema za Mungu. Kifua cha mama kimetulia, na baridi ya ziwani imepungua.

Kaka, uliniita nihamie kwako ili mtu wa kunibeba asikosekane. Nashukuru, wala sijausahau mgongo wako ulionipeleka chuo cha Kurani nilipokuwa mdogo. Lakini siji. Yamenipata mambo ambayo hata mimi mwenyewe bado nayastaajabia.

Kabla ya Ramadhani alitufikia mama mmoja aitwaye Mukagasana. Daktari wa zahanati amempa kazi ambayo sikupata kuisikia: anapita nyumba kwa nyumba, kutoka Nengo hadi Nyamyumba, akiuliza kama ndani kuna kilema. Akimpata, humtafutia kazi, kisha hukaa naye kazini mpaka azoee. Mama alimwambia kuwa miguu yangu imekufa tangu utoto. Yeye akajibu kwamba hakuja kuuliza miguu. Akashika shuka niliyokuwa naishona kwa sindano, akaligeuza pindo huku na huku. Kisha akaniuliza kama nataka kazi. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Alinipeleka kwa Faradji, yule fundi wa nguo karibu na soko. Cherehani zake zote ni za miguu. Faradji akasema waziwazi, "Hapa iko kazi, haiko sadaka." Hata hivyo alikubali nijaribu mpaka Idi, nikishindwa, nirudi nyumbani. Nilijua nimekwisha shindwa.

Mukagasana aliondoka, akarudi na mwanamume mrefu aliyemshika bega. Ni Munyaneza, mvuvi wa Nyamyumba ambaye macho yake yalichukuliwa na ugonjwa. Alikaa upande wa pili wa meza, akapapasa kwa nyayo mpaka akalipata kanyagio, ambalo seremala Mbonigaba alikuwa amelirefusha limfikie. Akaniambia, "Dada, mi sioni kitu, lakini miguu iko. We macho iko. Tujaribu."

Watu walicheka. Kusema kweli hata mimi nilicheka, kwa aibu. Siku za kwanza tulivunja sindano, na moja ilinipita kidoleni. Nikisema simama, yeye alikuwa amekwisha kwenda mbele. Mukagasana alikaa kwenye kigoda karibu nasi, akatufundisha nigonge meza kwa kidole badala ya kusema. Tukaendelea hivyo. Asubuhi moja nilisahau kugonga, na cherehani ikasimama yenyewe palepale kwenye kona ya mfuko. Nilimuuliza Munyaneza amejuaje. Akasema amesikia pumzi yangu. Kaka, nywele zilinisimama! Faradji aliacha mkasi wake, akaja, akautazama mshono ule mnyoofu, akarudi mahali pake. Kesho yake alitukabidhi vitambaa vya kanzu za Idi.

Siku ya sala tulikaa kando ya barabara, mimi na Munyaneza, ingawa yeye ni Mkristo. Kanzu zikapita nyeupe, nyingi, na kwa mshono wa mikono nilizijua zile zilizotoka kwetu. Aliniomba nimweleze zinavyoonekana. Nililia tu, naye akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameziona.

Sasa nikuambie neno lililonifanya nishike kalamu. Najua habari za mtoto. Dada yake wifi alipopita hapa akienda Goma alitueleza, huku akilia, kwamba binti yenu mdogo Saidati ana miguu kama yangu, na kwamba wageni wakija huingizwa chumba cha nyuma. Sikulaumu, kaka. Uliyaona maisha yangu ukamwogopea. Lakini maisha uliyoyaona siyo ninayoishi leo. Mtoe chumbani, mlete barazani. Akae watu wanapopita, wamjue kwa jina. Ukipata ruhusa kazini, mlete Gisenyi akae nasi dukani, aone kwa macho yake.

Mama anakuombea dua. Faradji anakusalimu, na Munyaneza pia, ingawa hakujui. Msalimu sana wifi. Na kwa Saidati, hizi ndizo salamu zangu za kwanza: mwambie ana shangazi Gisenyi, na shangazi yake ni fundi.

Ndimi dada yako akupendaye,
Mwamini binti Kadiri